Kiwiko cha Baba Mkwe

Hii habari kabla sijaieleza huwa natafuta kwanza mahali pa kukaa, maana aibu yake si ile ya kukufanya ukimbie ukajifiche, ni ile ya kukuchosha, na mie nimeshaieleza kwa watu wengi mno, nimejitetea hadi sauti imenikauka, kwa hiyo leo sijitetei. Mie ndiye niliyemfuta mkwe wetu kwenye picha ya harusi ya mwanawe. Nilimfuta akabaki kiwiko. Na chanzo cha yote ni kidude cha plastiki ambacho ukikiokota njiani utadhani ni kikombe kisicho na kitako.

Naitwa Mwajuma, nina kibanda changu Mtoni, natoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, na mwisho wa wiki nikiitwa naenda kupiga shughuli, iwe ndoa, maulidi au mahafali ya chekechea, kwangu yote sawa tu. Kamera yangu si mbaya, niliinunua mtumba kwa mtu aliyeacha kazi hii akaenda kufuga kuku (alikuwa na akili kuliko mie). Sasa kwenye lenzi ya kamera huwa kuna kitu tunakiita hudi, ni kofia tu ya plastiki inayokaa mdomoni mwa lenzi, inazuia jua lisiingie kwa pembeni likaipausha picha. Hudi yangu ya mwanzo niliikalia. Sina maelezo mengine hapo, niliikalia ikavunjika.

Na ilivunjika wiki ile ile ambayo mdogo wangu Rehema anaolewa, harusi ya mchana, uwanjani, jua la utosi, na mpiga picha ni mie kwa sababu mie ndiye dada mkubwa na kwetu dada mkubwa hupewa kila kazi isiyo na malipo. Nikaenda Mabibo, kuna duka pale karibu na hosteli za wanachuo linauza vifaa vya kamera vilivyotumika. Muuzaji alikuwa anakula muhogo wa kukaanga na hakuinuka. Akanitolea hudi mbili. Moja fupi, ukingo wake umekatwakatwa, pengine umeinuka pengine umezama, kama mdomo wenye mapengo. Ya pili ndefu, nyeusi, imenyooka, kipande cha bomba kabisa, ukiivalisha kamera unaonekana mtu unayejua unachokifanya.

"Ipi ndiyo ya lenzi yangu?" nikamuuliza.

"Zote zinaingia, sista. Namba ya mdomo ni moja. Hapo ni wewe na roho yako."

Na roho yangu ilikuwa na kidonda. Huko nyuma kwenye sendofu moja MC alinisema kwenye kipaza sauti, eti yule dada mwenye kamera ya mdoli asogee watu waione keki, ukumbi mzima ukacheka, mie nikasogea na kamera yangu ya mdoli nikitabasamu, lakini lile neno lilinikaa. Nikasema siendi kwenye harusi ya mdogo wangu, mbele ya wakwe, na kitu chenye mapengo. Nikachukua ndefu. Haikutaka kuingia vizuri, nikailazimisha kidogo ikazunguka, ikakaa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, mengine yote yalikuwa yanafuata tu.

Na msidhani sikuijaribu. Niliijaribu kibandani, nikampiga mteja picha ya pasipoti, uso katikati, ikatoka safi, nikampiga na mwingine, safi. Sasa picha ya pasipoti unaivuta lenzi karibu, unachukua uso tu, huko pembeni huna shida nako. Nani amewahi kuhangaika na pembe za picha ya pasipoti. Nikajua nimepata.

Hapa inabidi niwaeleze habari za mkwe, la sivyo hamtaelewa kwa nini kiwiko kiligeuka msiba. Rehema alikuwa anaolewa na Ambwene, Mnyakyusa wa Rungwe, fundi umeme, mpole sana, ila wao Wakristo sie Waislamu, wao watu wa milimani kwenye ndizi na mvua sie watu wa Pwani, kwa hiyo ikawa ndoa ya bomani baada ya mashauri marefu. Kwetu mama alilia halafu akanyamaza. Kwao mama mtu alishafariki, na baba mtu, Mzee Asajile, hakulia wala hakunyamaza, alisema haji. Kwenye posa hakuja, kwenye mahari hakuja. Mwisho kwa kazi kubwa ya dada yake, Shangazi Tumpe, akakubali kupanda basi, lakini kwa sharti kwamba anakuja kula tu. Yale maneno ya kumpokea mkwe, ambayo kwao baba ndiye anayeyasema na asipoyasema mwanamke anakaa kwenye ile nyumba kama mpangaji, hayo angeyasema akijisikia. Rehema hakuwa anasubiri keki wala gauni, alikuwa anasubiri maneno hayo.

Halafu kuna la pili. Kwao mwanamke aliyeolewa hakutanishi macho na baba mkwe wake. Hamtazami, hampi mkono, hamtaji jina, akimwona njiani anapisha na kugeukia kando, na hiyo ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa wa mjini huku, lakini Mzee Asajile hakulegeza. Na Rehema, ambaye nyumbani hajawahi kumtii mtu (mie nimemlea, najua), alijifunza yote kwa Shangazi Tumpe akayashika kuliko wenyewe, kwa sababu alitaka apokelewe.

Juu ya hayo yote mzee hapendi kamera. Ambwene mwenyewe hakuwa na picha ya baba yake, hata moja kwenye simu. Shangazi Tumpe akambembeleza kaka yake hadi akakubali apigwe picha moja, ya ukoo mzima, mara moja, basi.

Rehema alinifuata kibandani akaniambia, "Dada Mwaju, nyingine zote ukiharibu sitakudai. Hiyo moja ya wakwe naiomba."

Nikamwambia aache uchuro. Nikaongeza na la kwangu, maana mie nikipewa kazi moja huwa najitafutia ya pili: picha hiyo hiyo ichapwe siku hiyo hiyo, itiwe fremu kubwa, na baada ya chakula upande wetu tumkabidhi Mzee Asajile mbele ya watu, ajue tumemweka moyoni. Chini yake yaandikwe maneno ya dhahabu, "Sasa Tu Ukoo Mmoja". Nikaongea na Sele, ana duka la kuchapa picha pale sokoni Chanika, akasema nimtumie tu kwenye simu, yeye ataileta mwenyewe ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Nilijiona nina akili, jamani. Nilijisifia hadi kwa mama.

Siku ikafika. Bomani tukamaliza asubuhi, tukaenda kula Chanika, kwenye nyumba ya Ambwene, nyumba mpya haijapigwa plasta, uwanja mdogo umebanwa na ukuta wa matofali, nyuma shamba la mihogo. Mzee Asajile alishafika, mrefu, amenyooka, suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri na kofia ya pama, na kila simu iliyoinuliwa kumwelekea aliivisha ile pama, yaani anaishusha usoni hadi simu ichoke. Rehema alikaa chini ya turubai, mgongo kwa mzee, shingo imekakamaa, saa nzima hakugeuka. Mie nikapita katikati yao na bomba langu shingoni, na kweli watu walinipisha, mtu mmoja akaniita "kamerawoman", nikasema moyoni leo nimewaweza.

Wakati wa picha ya ukoo ukafika. Walikuwa wengi na uwanja mdogo, nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, hadi mgongo ukagusa tangi la maji, sina pa kwenda, nikaifungua lenzi yote ichukue upana wake wote. Jua linapiga kwenye kioo sioni kitu, nikajifunika mtandio wangu mweusi mimi na kamera pamoja. Nikaona mzee amesimama mbali, peke yake, nikamhurumia (hapa ndipo ninapokuwaga nasema ningejikwaa tu nianguke ingekuwa heri). Nikatoka kwenye mtandio nikamfuata.

"Shikamoo baba. Sogea huku katikati baba, ukae karibu na mkweo."

Na kwa kuwa hakusogea, nikamshika mkono wa koti nikamvuta.

Rehema kuona vile alichutama nyuma ya Ambwene, gauni lote likaenda mchangani, na akina mama wa kwao wakakatisha vigelegele vyao kwa pamoja. Shangazi Tumpe akaja akanitoa mkono kwenye lile koti taratibu.

"Mwanangu, hapo hakai. Unataka mkweo akimbie siku ya harusi yake?"

"Nisamehe shangazi, nilisahau."

"Usisahau tena, mwanangu. Yeye anakaa mwisho wa mstari."

Mzee akajipangusa koti, akaenda mwisho kabisa wa mstari, upande wa kushoto, kisha akaongeza hatua moja ya pembeni, mbali zaidi na wenzake, nadhani kwa sababu yangu, akasimama pale amevua pama ameishika mkononi. Alivua kofia, mwanamume ambaye siku nzima alikuwa anajificha ndani yake. Mie nikarudi kwenye mtandio. Pembeni mwa tundu la kamera nikaona weusi, huku na huku, nikajua ni mtandio umeniangukia, nikausukuma, weusi upo pale pale, jua linachoma, mama analalamika miguu, nikasema potelea mbali mtandio hautokei kwenye picha. Nikapiga kama mara tatu mfululizo. Mzee akavaa pama yake akasema, "Imetosha."

Nikaangalia kioo cha nyuma kwenye lile jua, nikamwona Rehema katikati, macho wazi, Ambwene macho wazi, mama halii. Nikamtumia Sele. Sikuangalia pembeni, mtu wa pasipoti anaangalia katikati, ndiyo mazoea.

Tukala. Pilau ilikuwa nzuri, nakumbuka kwa sababu ndicho kitu cha mwisho nilichokifurahia. Sele akaja na mzigo wake mkubwa umefungwa kwenye karatasi inayometameta, akapewa sahani, akakaa. MC akatangaza kwamba upande wa bibi harusi wana zawadi kwa baba. Mama akanisukuma mgongoni. Nikaenda nikapiga goti nikamkabidhi Mzee Asajile, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama kwa wema.

"Ndaga," akasema, ndiyo asante kwao. "Ndaga fijo."

Hakuichana ile karatasi. Aliifungua gundi moja moja, akaikunja karatasi akaiweka kando, halafu akaishika fremu kwa mikono miwili akaitazama, sie wote tunamtazama yeye. Akatazama kulia, akaja katikati, akaenda kushoto. Akatoa leso mfukoni akapangusa kioo upande wa kushoto. Alidhani ni vumbi. Akapangusa tena, akasogeza fremu kwenye mwanga, akapangusa kwa mara nyingine, na mie bado nimepiga goti pale mbele yake sijui kitu, natabasamu.

Shangazi Tumpe akainama begani mwake.

"Kaka, wewe uko wapi hapa?"

"Nipo," akasema mzee, akaweka kidole. "Kiwiko."

Nikainuka nikaangalia. Picha ilikuwa nzuri sana, imekaa ndani ya duara kubwa la yai, na nje ya hilo duara ni weusi mtupu, kama picha za zamani za studio. Ndani ya duara yupo kila mtu, hadi jirani ambaye hatujui alialikwa na nani. Kushoto mwisho, pale weusi unapoanzia, kilitokeza kiwiko cha koti la suti. Chini, kwa dhahabu, Sasa Tu Ukoo Mmoja. Mzee mmoja wa kwao akayasoma yale maneno kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kisha akaipasi fremu kwa mwenzake.

"Ndiyo maana alikuwa anamvutavuta pale," nikasikia mtu anasema. "Kumbe walishapanga wamkate."

Nikamgeukia Sele. Na Sele, Mungu amsaidie, akasimama na sahani yake mkononi akaeleza kwa fahari, "Picha ilikuja ina giza pembe zote, nikajua dada ameanza urembo wa duara kaishia njiani. Mie nikaumalizia ukae vizuri. Kwani haikupendeza?"

Hapo ndipo nikaelewa. Ule weusi haukuwa mtandio. Ilikuwa ni ile hudi yangu ndefu, imejaa mbele ya lenzi iliyofunguliwa upana wote, inakula picha pembe zote, na mzee alikuwa amesimama ndani ya mdomo wake. Nikataka niwaeleze, na nilipaswa ninyamaze.

"Si kosa la Sele peke yake," nikasema kwa sauti. "Ni hudi. Hudi ndiyo iliyomkata baba."

Yule mzee aliyesoma maneno ya dhahabu akauliza, "Hudi ndiye nani?"

"Hapana baba, hudi ni..."

"Kama yupo hapa aitwe. Aje aseme ametumwa na nani."

Na mama yangu mzazi, badala ya kuniokoa, akageuka kwa wanawake wenzake, "Hudi yupi? Huyu wetu wa Mtoni wa duka la mkaa? Kafika saa ngapi mbona sijamwona?"

Hakuna aliyecheka. Leo mnacheka nyie, siku ile hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanazungusha shingo kweli wanamtafuta Hudi. Nikasema ngoja niwaonyeshe, nikashika hudi niizungushe niitoe, ikagoma. Niliilazimisha kuingia na sasa haitoki. Nikazungusha, nikaibana kwenye magoti, nikaomba leso, nikauma meno, kamera inazunguka shingoni, hudi yenyewe haizunguki, jasho linanitoka na vipodozi vyote, na nilipoinua kamera niwaonyeshe watu wa mbali kwamba hudi ndiyo hii, Mzee Asajile akashusha pama usoni. Alidhani nataka kumpiga picha nyingine kwa nguvu.

Akasimama. Akamwita Ambwene, akamuuliza kwa utulivu kabisa basi la kurudi Tukuyu, kwao Rungwe, linaondokea wapi na kesho saa ngapi, na kama kuna gesti karibu na stendi. Akarudishiwa fremu, akaiwekea juu ile karatasi ya zawadi aliyoikunja, akaviacha kwenye kiti. Ambwene akabaki ameshika tai yake kama mtu anayetaka kuivua. Mie nimesimama pale na bomba langu. Niliumia, sitaki niwadanganye, niliumia, maana niliona mdogo wangu anakuwa mpangaji kwenye nyumba yake mwenyewe, na sababu ni MC mmoja aliyesema kamera ya mdoli.

Rehema ndiye aliyeinuka. Hakugeuka. Alitoka chini ya turubai kwa kinyumenyume kidogo, akaenda hadi kwenye tangi la maji, akaliegemea kwa mikono miwili, uso kwenye tangi, mgongo kwetu wote, gauni lina mchanga nyuma.

"Shangazi Tumpe," akasema, "naomba unisemee kwa baba."

"Sema, mwanangu." Na mzee mwenyewe yupo pale hatua chache tu, anasikia kila kitu.

"Mwambie mie uso wake siujui. Sijawahi kumtazama na sitamtazama, hilo nimelikubali. Ile picha niliiomba ili nimwone humo, maana humo kumtazama si kosa. Sikutaka ya kupamba ukuta. Nilitaka nijue baba mkwe wangu yukoje."

Mie nilikuwa sijui. Aliponifuata kibandani nilidhani anataka picha kama watu wote wanavyotaka picha. Shangazi Tumpe akageuka, akayarudia yote kwa kaka yake, neno kwa neno, kwa Kinyakyusa, taratibu, ingawa mzee alishayasikia kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. 

Nikajitokeza, kwa sababu mie sijui kunyamaza. "Baba, nikupige nyingine sasa hivi. Uso tu. Moja."

"Nilisema moja," akajibu mzee bila kunitazama. Kisha akamwambia dada yake, kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Mwambie nilisema moja, na moja imeshapigwa. Neno langu silivunji. Lakini mwambie huo uso hana alichokosa, ni wa mzee tu. Alikuwa anayataka maneno. Basi ayasikilize."

Akavua pama. Akageukia shamba la mihogo, naye akampa mgongo, akasema maneno yake akiwa hivyo, yeye anatazama mihogo, Rehema anatazama tangi, na sie wote tumekaa katikati ya migongo miwili. Alisema kwanza kwa Kinyakyusa, marefu, halafu akasema kwa Kiswahili kwamba amempokea, kwamba nyumba ile ni yake, kwamba dini yake aje nayo na mswaki wake, na siku akigombana na mwanawe, mwanawe ndiye atakayelala nje. Watu wakacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Rehema aliweka paji la uso kwenye lile tangi akalia, mabega yanatikisika, na hatukumwendea kwa sababu mzee alikuwa bado anasema.

Alipomaliza akavaa kofia. Nikamuuliza Shangazi Tumpe kwa sauti ya chini kama nirudi na ile fremu nyumbani nikaichome. Mzee akasikia.

"Iacheni hapo," akasema. "Mwambieni aanzie na kiwiko."

Basi ndiyo hivyo. Ile hudi ilitoka kesho yake kwa plaizi, ikaondoka na kipande cha mdomo wa lenzi, na nikarudi Mabibo kwa yule yule wa muhogo nikachukua ile fupi yenye mapengo, ambayo nyie mnaojua mnajua kwamba yale mapengo yamekatwa makusudi ili isizibe pembe za picha pana. Nikalipa nikaondoka. Lakini nimeapa, na nyie ni mashahidi: sivishi tena kamera kitu kwa ajili ya kuonekana, na nikipiga kundi nahesabu vichwa kutoka pembe hadi pembe, kwa sauti, kwa kidole, hata bwana harusi akinikasirikia, na mtandio nauvua kabisa nikae kichwa wazi juani. Mtoni wananiita Dada Hudi. Yule Hudi wa mkaa naye hajafurahi.

Mzee Asajile hakurudi tena Dar, na Rehema hajaenda Rungwe bado. Fremu ipo sebuleni kwao Chanika, hakuiondoa, na mgeni akiuliza yeye anaonyesha kiwiko anasema huyu ni baba mkwe, kwa heshima kabisa, mie natoka nje kujifanya naangalia mihogo.

Mwaka huu kajifungua, mtoto wa kiume. Shangazi Tumpe kaja kumtazama, kamfunua tu shuka kicheko kikamtoka, akasema huyu wala hamkumzaa nyie, huyu ni kaka yangu mtupu, nyusi zake, kidevu chake, hata hiki kisirani cha kukunja uso akiona mwanga. Wiki iliyofuata nikaenda kumpiga picha mpwa wangu. Nikamkuta Rehema amekaa kwenye mkeka, amemlaza mtoto mapajani, ameinama juu yake anamkodolea macho, nimesema hodi hakuitika, nimetoa kamera hakugeuka.

"Rehema, mkao huo utaumia shingo. Unamtazama nini muda wote huo?"

"Subiri kwanza dada, usipige," akanijibu, hakuinua kichwa. "Namtazama baba mkwe."